Mrejesho: Pampasi kuvuja usiku, na kama nihamie nepi za kitambaa

Mama zangu na dada zangu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mwanangu wa miezi saba anaamka kalowa mpaka mgongoni ilhali pampasi ni mpya, na kama nihamie kwenye nepi za kitambaa moja kwa moja.

Kuvuja kumekwisha. Aliyeniambia nichungulie mapajani, Mungu ambariki sana. Yale marinda laini ya pembeni yalikuwa yanabaki yamekunjwa kwa ndani. Sasa kila nikimfunga napitisha kidole kuzunguka paja lote mpaka yasimame nje. Kikojoleo nakielekeza chini, maana mkojo ulikuwa unapandia kiunoni. Usiku namvalisha saizi inayofuata, kwa sababu uzito wake umefika mwisho wa kilo zilizoandikwa kwenye pakiti.

Kitambaa nakitumia mchana tukiwa nyumbani. Usiku na safarini, pampasi. Nepi mpya hazikunyonya vizuri mpaka zilipofuliwa mara kadhaa. Dawa ya kulainisha nguo nimeacha kuzitilia, kwani huacha utando unaozuia kunyonya. Hela ya pampasi imepungua sana, nimefurahi mno.

Ila masika haya hapa Dar yananitesa. Nepi zinashinda kambani na jioni bado zina unyevu katikati, pale palipo pazito. Pasi naiogopa kwa sababu ya lastiki. Mwenye njia ya kuzikausha anielekeze, tafadhali.