Tupeane uzoefu: programu za kripto zinazolipa kwa kuposti na kulaiki, boti (programu zinazojifanya watu) zimekufanyia nini?

Babu Majengo, Malindi
Wadau, msimu wa watalii ukiwa chini vijana hapa hukesha na programu hizi. Kila mtu aeleze aliyoyaona. Naanza mimi.

Jukwaa nililokuwemo hutenga tokeni za siku, yaani sarafu zake za kidijitali, kiasi kilekile, kisha huzigawa kwa pointi za kuposti na kulaiki. Wengi hudhani boti inamwibia mwenye jukwaa. Wapi! Fungu haliongezeki, kwa hiyo boti zikijaa anayepunjwa ni mimi na wewe. Mwenyewe hana haraka ya kuzifukuza, maana wingi wa akaunti ndio anaowaonyesha wawekezaji.

Mkomani Lamu
Wallahi kweli, Babu. Niliandika makala ndefu kuhusu mbio za punda wakati wa Maulidi, na picha zangu mwenyewe. Malipo hayakutosha bando. Maoni sasa: “Mradi mzuri, timu imara, nausubiri sokoni!” Mradi gani, punda?

Fundi wa Maweni
Mimi nilikuwa upande huo wa pili. Tajiri alikuwa na rafu ya simu kuukuu, kila moja na akaunti yake, kazi yangu kuzichaji na kuziwasha zikizima. Programu ndiyo iliyolaiki na kujibu. Iliwekewa mapumziko, ikalala usiku, hata makosa ya tahajia ilitia makusudi ili ionekane mtu. Jukwaa lilipoanza kulipa zaidi wanaojibu haraka, tukashangilia. Nani atashindana na mashine kwa haraka?

Bi Langoni
Si mapya haya. Steem, mtandao wa kripto uliolipa waandishi kwa kura za wasomaji, ulioanza 2016, ulipata boti za kuuza kura: unalipa, unapigiwa kura, andiko bovu linapanda juu. Mwaka 2019 wakabadilisha kanuni, mwandishi na wapiga kura wakagawana malipo nusu kwa nusu, na watu wakapewa kura za kushusha zisizowapunguzia za kupandisha. Hapo angalau anayeona uchafu ana sababu ya kuushusha. Ila mkumbuke, uzito wa kura zile ulipimwa kwa tokeni ulizofungia ndani ya mtandao. Mwenye nyingi ndiye mwenye sauti, boti au si boti.

Kijana wa Watamu
Si wathibitishe tu kwamba mtu ni mtu?

Bi Langoni
Worldcoin, mradi wa kripto wa kutambua watu kwa macho, walijaribu, mwanangu. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni kwa tokeni. Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Na hata mboni haizuii mtu kukodisha akaunti yake iliyothibitishwa.

Fundi wa Maweni
Bi kasema. Za kukodi tulikuwa nazo.

Mkomani Lamu
Shekhe, na wewe tajiri alikulipa kwa tokeni?

Fundi wa Maweni
Tokeni tena? M-Pesa, kila Jumamosi.