Adapta au kasha gani linafaa kupimia diski za kompyuta? Naomba ushauri

Saruji09

Habari za muda huu wakuu. Nina rundo la diski za zamani. Nyingine nilizitoa kwenye kompyuta zangu zilizokufa, nyingine nilipewa na jamaa kazini. Tatu ni kubwa za inchi 3.5, nne ni za laptopu za inchi 2.5, na kuna vijiti viwili vya M.2 (diski nyembamba za kuchomeka, zisizo na mota). Nataka kujua ipi nzima ya kuwekea nakala za picha za familia na ipi ya kutupa.

Ninao waya mmoja wa SATA (njia ya kuunganisha diski na kompyuta) kwenda USB, ule mwepesi usio na chaja yake. Nikichomeka diski kubwa haizunguki kabisa, nimeiwekea kidole juu, kimya. Moja ya laptopu inalia tik... tik... tik, inaonekana sekunde chache halafu inapotea. Hiyo nimeshaiweka fungu la kutupa. Kijiti kimoja cha M.2 nilikitia kwenye kasha la kuazima, taa ikawaka lakini kompyuta haikuona kitu.

Ninunue kasha, doki (kituo cha kuchomekea diski) au waya mwingine? Natanguliza shukrani.

Bisibisi

Mkuu, usitupe kitu bado. Hiyo ya tik tik itoe kwenye fungu la kutupa leo hii.

Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi. Waya wako unategemea volti 5 za USB peke yake, kwa hiyo diski zako kubwa huenda ni nzima, zimekosa umeme tu. Tafuta adapta yenye chaja yake ya volti 12, ampea 2 au zaidi, maana mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo.

Za laptopu zinatumia volti 5, lakini kiwango cha kawaida cha tundu la USB 2 ni ampea 0.5 na cha USB 3 ni ampea 0.9. Soma kibandiko cha diski. Ukikuta 5V 1A, ujue tundu halitoshi, na waya mrefu mwembamba unazidi kupunguza. Mota inaanza, umeme unashuka, kichwa kinarudi mahali pake, inajaribu tena. Ukiisikia utadhani kichwa kimeharibika.

Niliwahi kumwambia mtu diski yake imekufa kwa kusikia sauti hiyo. Akaenda kwa fundi mwingine, akaichomeka moja kwa moja kwenye ubao mama, ikafunguka. Ndani mlikuwa na picha za marehemu mama yake. Tangu siku ile siihukumu diski kwa adapta moja.

Kipimio

Bisibisi kamaliza la umeme. Mimi nasisitiza chipu iliyo ndani ya adapta, kwa sababu wengi wanaangalia kasi iliyoandikwa kwenye boksi na kusahau hilo. Chipu hiyo ndiyo mkalimani kati ya USB na diski, na baadhi hazipitishi SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski inajiandikia kuhusu afya yake. Bila SMART utaona faili zinafunguka, hutajua kama diski inaanza kuoza.

Kwa SATA, ASM1153E na JMS578 ni chipu zinazofahamika. Kwa NVMe (njia nyingine ya kuunganisha, yenye kasi zaidi, ya baadhi ya vijiti vya M.2) kuna RTL9210, JMS583 na ASM2362. Muuzaji akishindwa kukutajia chipu, mimi huacha.

Ukiwa na Windows tumia programu ya CrystalDiskInfo kusoma SMART. Kwenye Linux weka smartmontools, kisha:

smartctl -a -d sat /dev/sdX

(weka herufi ya diski yako badala ya X.) Angalia thamani halisi ya mistari yenye namba 5, 197 na 198. Namba 5 ni sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizokwisha kubadilishwa, 197 ni zile zinazosubiri hukumu, na 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Wa 199 usikutishe, huo ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kile ilichochomekwa, mara nyingi waya au soketi. Haurudi sifuri hata ukibadilisha waya, wewe tazama kama unaendelea kupanda.

Jambo moja lilinisumbua wiki nzima: kipimo kirefu cha SMART kinafanyika ndani ya diski yenyewe, kompyuta haisomi chochote. Adapta nyingine zinadhani diski imelala, zinaizima, kipimo kinakatika njiani. Ulizia hali ya diski kwa smartctl kila dakika hadi kiishe.

Nakala_Mbili

Kuhusu kasha au doki: kasha la kufunga kwa skrubu linafaa diski itakayokaa humo. Kwa kupima diski tisa utachoka kufungua na kufunga. Doki ni rahisi, ila diski inasimama wima, ukiipiga kumbo ikiwa inazunguka umeiua. Mimi napendelea adapta ya waya, diski imelala mezani. Na doki zenye kitufe cha kunakili kaa nazo mbali kwenye kazi hii, ukikosea tundu unafuta diski ya chanzo.

Bisibisi

Nilisahau M.2. Kijiti kikiwa na mikato miwili kwenye ncha ya kuchomekea mara nyingi ni SATA, mmoja mara nyingi ni NVMe, lakini soma kibandiko. Kasha la NVMe pekee halisomi M.2 ya SATA, nahisi ndicho kilichokukuta. Lenye chipu ya RTL9210B linasoma zote mbili.

Saruji09

Mrejesho wakuu. Nimepata adapta ya waya yenye chaja ya volti 12 na kasha la RTL9210B. Diski kubwa zote tatu zimezunguka! Mbili ni safi, 5 na 197 ziko sifuri. Ya tatu 197 inasoma 48 na ina faili ninazozitaka. Vijiti vyote viwili vimesomeka, kimoja kweli ni SATA. Ile ya tik tik imetulia kwenye chaja, haijalia tena. Hiyo ya 48 niiendeshee chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski)?

Kipimio

Hapana! Chkdsk itaichosha na inaweza kuharibu kilichobaki. Nakili diski nzima kwanza kwa ddrescue (programu ya kunakili diski yenye hitilafu) kwenda kwenye moja ya zile safi, yenye ukubwa sawa au zaidi na isiyo na kitu unachokihitaji, halafu uhangaike na nakala.

Saruji09

Nimeianzisha. Iko asilimia 61, sekta mbovu zilizopatikana hadi sasa ni chache, zote eneo moja. Nimekaa nayo hapa, siigusi meza.