Ile maktaba ya kodi ya kuhariri rejista ya Windows imeua faili halafu ikanirudishia SIFURI!!

Wakuu, nimechafukwa. Ile maktaba mnaijua, sina haja ya kuitaja. Mashine ya mteja haiwaki, draiva mbovu. Nikachomoa diski, nikafungua faili la SYSTEM (lile la rejista lenye mipangilio ya draiva) kwa hiyo takataka, nikabadilisha thamani MOJA tu: Start ya hiyo draiva, kutoka 0 (ipakiwe mashine ikiwaka) kwenda 4 (imezimwa). Nikahifadhi. Ikarudisha sifuri. Sifuri! Yaani hakuna kosa, kila kitu shwari.

Shwari ya wapi? Zile namba mbili za mfuatano kwenye kichwa cha faili zilikuwa hazilingani, yaani kuna mabadiliko hayajamaliza kuandikwa, kipofu angeona. Tangu Windows 8.1 mabadiliko yanaweza kukaa kwenye mafaili ya logi, LOG1 na LOG2, hadi saa nzima kabla ya kuingia kwenye faili lenyewe. Logi haikuzigusa! Ikazilazimisha namba zilingane, ikapiga upya jumla ya uhakiki, SIFURI. Windows ikiwaka inaona faili safi, logi haisomi tena. Mipangilio imeyeyuka yote.

Nimewaandikia wenye nayo. Wamefunga ripoti kwa neno moja: "Imekusudiwa." Kuua kimyakimya na kurudisha sifuri ndiyo kusudi? Hiyo sifuri nitaiota mpaka naingia kaburini.

Baiti_Chachu: Bakapu ulichukua? Au ndiyo nyie wa kuhariri SYSTEM kavukavu?

Mleta uzi: Ninayo, na ndiyo imeniokoa. Siongelei bakapu, naongelea SIFURI.

regf_mkavu: Pole mkuu. Ila maktaba ya bure unaiamini kama mchumba? Namba ziko pale pale baada ya herufi "regf" zinazoanza faili, ungezitazama.

Nukta_Mkato: Bora wewe. Ninayotumia mimi, maelezo yake yanakutuma CurrentControlSet, njia ya mkato ya seti ya mipangilio inayotumika. Faili likiwa nje ya Windows hicho kitu HAKIPO, kinaundwa mashine ikiwaka! Unasoma ufunguo wa Select kwanza, Current ikiwa 1 unaenda ControlSet001.

kodi_chungu: Hayo madogo. Yangu haijui kwamba mule maandishi ni UTF-16, yaani herufi kama C ni baiti mbili na ya pili ni sifuri; ikiiona inadhani maandishi yameisha. C:\Windows inatoka "C", basi.

Nukta_Mkato: Hahaha "C"! Nimecheka hadi kibodi imelowa.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye sifuri.

Mpitaji: Si mngetoa nakala kwenye RegBack tu, ile folda ya bakapu za rejista?

regf_mkavu: Amka mkuu. Tangu Windows 10 toleo 1803, Windows haihifadhi tena nakala mle yenyewe mpaka uiwashe.

Mpitaji: Unasema kweli?? Nani kaamua huo upuuzi? Nawafungulia uzi wao sasa hivi.