Ofisi za kimataifa za vyuo: acheni kuwatupa wanafunzi wa kubadilishana Seoul bila kadi, bila laini, bila benki

Wakuu, niseme wazi toka mwanzo: uzi huu unawahusu maofisa wa ofisi za kimataifa za vyuo, wa huku wanakotoka wanafunzi na wa Seoul wanakopokelewa. Wanafunzi nanyi someni mpaka chini, maana mpaka hao waamke, wanaoumia ni ninyi.

Muhula wa Korea Kusini kwa kawaida una wiki 15 au 16. Wa Machi unafika ukingoni katikati ya Juni, wa Septemba hauoni Krismasi. Mwanafunzi wa kubadilishana mwenye viza ya D-2-6 anaweza kumaliza karibu nusu ya muda huo hana kadi ya mkaazi (kitambulisho cha mgeni kinachotolewa na uhamiaji), hana laini inayotambulika, hana akaunti ya benki ya maana. Yuko katika jiji ambalo maisha yote yamo ndani ya simu, na hawezi kuagiza chakula, kununua kitabu mtandaoni wala kujisajili kwenye nusu ya programu anazoambiwa azitumie. Halafu kijitabu cha mapokezi alichopewa kimejaa picha za kasri la Gyeongbokgung na ratiba ya sherehe ya kukaribishwa. Hii inaudhi!

Sheria inasema mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 ajisajili uhamiaji ndani ya siku 90 tangu aingie. Vyuo vinanakili sentensi hiyo hivyo hivyo kwenye barua pepe, na mwanafunzi anasoma "siku 90" anadhani ana miezi mitatu ya kujipanga. Hana. Uhamiaji haupokei mtu bila miadi ya kwenye tovuti ya HiKorea, na Machi na Septemba wanafunzi wa kigeni wa jiji zima wanagombania nafasi hizo hizo. Ukifungua tovuti wiki ya pili ya masomo, unaweza kukuta tarehe ya karibu iko mwezi unaofuata. Ukishapeleka maombi na kuchukuliwa alama za vidole, kadi yenyewe inachukua wiki kadhaa kutoka. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo miadi itafutwe mara tu viza inapotoka, kwa namba ya pasipoti, kabla hata ya kupanda ndege. Na angalia ofisi: Seoul ina ofisi za uhamiaji zaidi ya moja, kila moja ina mitaa yake, na inayokuhusu ni ya anwani unayolala, wala si ya chuo chako. Ukiweka miadi kwenye ofisi isiyo yako unarudishwa mlangoni na foleni inaanza upya.

Makaratasi yanajulikana: pasipoti na nakala yake, fomu, picha moja ya sentimita 3.5 kwa 4.5 yenye mandharinyuma meupe, cheti cha kuandikishwa chuoni, ushahidi wa makazi, na ada. Raia wa nchi zilizo kwenye orodha ya kifua kikuu, Kenya na Kongo ya Kinshasa zikiwemo, wanaweza kudaiwa pia cheti cha kipimo. Ulizia mapema, kwa sababu majibu ya kituo cha afya cha serikali ya mtaa hayatoki siku hiyo hiyo.

Kinachowaangusha wengi ni ushahidi wa makazi. Aliyepata bweni la chuo anachapisha barua ya bweni, kazi imeisha. Aliyekosa, na vipo vyuo vinavyowaweka wanafunzi wa kubadilishana mwisho wa orodha, anaangukia goshiwon, kile chumba cha kitanda na meza ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Goshiwon inapendwa kwa sababu haina amana ya mamilioni ya won kama vyumba vya kawaida. Lakini mwenye nyumba mara nyingi hataki kusaini fomu ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake, wala kutoa nakala ya kitambulisho chake. Usilipe hata won moja kabla hajakubali hayo mawili kwa maandishi. Na ukihama baadaye, una siku 15 za kutoa taarifa ya anwani mpya, ukichelewa ni faini.

Sasa laini. Laini ya kulipia kabla unaipata kwa pasipoti, hata uwanja wa ndege wa Incheon zipo. Inapiga simu, inaingia intaneti, na wauzaji wanaishia hapo kueleza. Wasichosema ni kwamba laini hiyo kwa kawaida haiwezi kukuthibitisha wewe ni nani. Korea programu karibu zote, za chakula, za maduka, za benki, zinauliza kwanza kampuni ya simu: namba hii ni ya nani? Kama namba haijafungwa kwenye kadi yako ya mkaazi, jibu ni hapana, na hapo unakwama.

Ukishapata kadi ndipo inapoanza balaa la majina, na hapa nataka mnielewe vizuri kwa sababu sisi watu wa majina matatu ndio tunaoumizwa zaidi. Chukulia kadi imeandikwa MWINYIMKUU ASHA SALUM, kwa herufi kubwa, jina la ukoo mbele, nafasi katikati. Karani wa duka la simu anaandika MWINYIMKUUASHASALUM, bila nafasi. Benki inaandika ASHA SALUM MWINYIMKUU. Mfumo mwingine unakata herufi za mwisho kwa sababu kisanduku chake ni kifupi. Kwa mashine, hao ni watu wanne tofauti. Unajaza fomu, unapata msimbo kwenye simu, unauingiza, jibu linakuja kwamba taarifa hazilingani. Unabadilisha simu, unafuta programu, unalia na benki, kumbe tatizo lilizaliwa siku ya kwanza kwenye kaunta ya duka.

Dawa yake: dukani, kabla hujasaini, mwambie karani akugeuzie skrini. Linganisha herufi kwa herufi na kadi, pamoja na nafasi. Omba karatasi ya mkataba yenye jina hilo. Kisha nenda benki na kadi pamoja na karatasi hiyo, jina liandikwe vile vile. Kwenye programu, chagua kitufe cha mgeni badala ya raia, kwa sababu fomu nyingi zimewekwa raia tangu mwanzo. Kama namba ya usajili inatakiwa, ni ya tarakimu 13: sita za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, na ya saba kwa mgeni aliyezaliwa mwaka 2000 na kuendelea ni 7 kwa mwanamume, 8 kwa mwanamke, waliozaliwa kabla ya hapo ni 5 na 6. Programu nyingi zinadai hiyo ya saba peke yake, na watu wanaweka 1 au 2 kama Wakorea, kisha wanashangaa. Ikigoma bado, anza kurekebisha kampuni ya simu. Benki iwe ya pili, maana programu nyingi zinauliza kampuni ya simu.

Akaunti nayo usitegemee makubwa. Mgeni asiye na ushahidi wa mshahara anafunguliwa akaunti yenye kikomo. Tangu Mei 2024 kikomo hicho ni won milioni 1 kwa siku kwa simu au mashine, milioni 3 kaunta. Kabla ya hapo ilikuwa laki 3 tu kwenye simu. Anayelipa amana ya chumba kwa akaunti hiyo lazima aende kaunta, tena si siku moja. Mpaka hapo tembea na noti: mashine za kuongeza salio la T-money (kadi ya nauli) stesheni kwa kawaida zinataka noti, na baadhi ya mabasi ya Seoul hayapokei tena fedha taslimu. Mgeni asiye na salio anaweza kuachwa kituoni.

Bima ndiyo inayonipandisha presha. Tangu Machi 2021 wanafunzi wa kigeni wenye viza za D-2 (za masomo, D-2-6 ikiwemo) wanaingizwa kwa lazima kwenye bima ya afya ya taifa, kuanzia tarehe ya usajili. Ni zaidi ya won elfu 70 kwa mwezi, hata baada ya punguzo la mwanafunzi. Sina ugomvi na bima hiyo, hospitali inasaidia kweli. Ugomvi wangu ni vyuo vinavyomlazimisha mwanafunzi anunue bima binafsi ya muhula mzima kabla hajafika, bila kumwambia kwamba atalipa na hii. Analipa mara mbili. Bili inakuja kwa Kikorea kwenye sanduku la barua la goshiwon, anaitupa akidhani ni tangazo, kisha deni linamzuia akitaka kuongeza viza.

Taka niseme haraka. Mifuko ya taka inauzwa madukani kwa wilaya, usinunue ya wilaya nyingine. Mabaki ya chakula yana njia yake, ila mifupa, maganda ya mayai na maganda makavu ya vitunguu ni taka za kawaida, kwa sababu mabaki mengi ya chakula yanageuzwa chakula cha mifugo au mbolea. Kamera zipo na faini zipo.

Ninachodai kutoka vyuoni kinawezekana, maana vipo vyuo Seoul vinavyofanya. Kusanyeni maombi ya wanafunzi wote wa kigeni, wa kubadilishana wakiwemo, myapeleke uhamiaji kwa pamoja wiki ya kwanza. Namba ya usajili ikitoka kabla ya kadi, wapeni wanafunzi barua inayoeleza jinsi ya kuchukua karatasi ya uthibitisho wa usajili, kwa sababu baadhi ya maduka ya simu na matawi ya benki huikubali. Wekeni vitanda vya wa kubadilishana kwenye hesabu ya bweni. Bweni lenye malipo ya lazima ya chakula liwe na sahani isiyo na nguruwe au lirudishe pesa. Haiwezekani Mwislamu kutoka Mombasa au Zanzibar alipie milo ya muhula asiyoweza kuila. Na ninyi vyuo vya huku nyumbani, acheni kusaini mikataba ya kubadilishana bila kuuliza hata moja kati ya hayo.

Kwa aliyekwama leo: piga 1345, siku za kazi, ni simu ya uhamiaji, wanajibu kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu pia. Uwe na pasipoti na tarehe yako ya kuingia mkononi.

Walioko Busan, Daejeon na Daegu, andikeni hapa chini miadi ya uhamiaji kwenu inachukua wiki ngapi, na kama chuo chenu kinapeleka maombi kwa pamoja. Wanaofunga mizigo ya Machi wanahitaji kujua sasa.