“Lend” na “borrow”: chama kilimkopesha mwanachama, au kilikopa kwake?

Katibu wa Kondele, Kisumu

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaleta swali ambalo huenda likaonekana la mtoto wa darasa la nne, lakini limetupotezea jioni nzima ya mkutano. Mimi ni katibu wa chama cha wauza mitumba hapa Kisumu. Kumbukumbu zetu tumeziandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, hadi tulipotaka kuomba mkopo nje na kuambiwa tupeleke kumbukumbu za mwaka mzima kwa Kiingereza. Kazi ya kutafsiri nikabebeshwa mimi.

Palipoandikwa “Chama kilimkopesha mwanachama shilingi 15,000”, niliandika “The group borrowed the member 15,000 shillings”, wala sikushuku kosa lolote, kwa sababu tangu nikiwa shuleni nimesikia “borrow me your pen” kila siku ya Mungu. Mweka hazina wetu mpya, ambaye amewahi kufanya kazi ya uhasibu, aliusoma ukurasa huo na kuziingiza zile 15,000 upande wa madeni, yaani pesa ambazo chama kinadaiwa. Mwanachama mwenyewe aliposomewa hesabu aliangua kicheko, akasema kwamba kama ni hivyo basi yeye anangoja kulipwa. Ilibidi daftari la Kiswahili lifunguliwe mbele ya watu wote ndipo tukaelewana.

Naomba mnieleze tofauti ya maneno hayo mawili kwa namna ambayo haitanitoka tena. Aidha, ukurasa unaofuata una sentensi inayosema kwamba chama kilimwazima jirani hema na viti 50 vya matanga. Je, hapo pia ni neno lile lile?

Mwalimu Mstaafu, Lanet, Nakuru

Ndugu Katibu, usione haya. Kosa hilo nimelisahihisha kwa wino mwekundu kwa miaka mingi, na wengine niliowasahihishia sasa ni wazazi ambao watoto wao wanalirudia.

“Lend” ni kazi ya mwenye mali: anatoa, akitarajia kurudishiwa. “Borrow” ni kazi ya mwenye shida: anachukua, akikusudia kurudisha. Watu wengi wanalijua hilo wakiulizwa, kisha wanakosea wakiandika, kwa hiyo maana peke yake haitoshi, na inafaa utazame jinsi kila neno linavyokaa katika sentensi. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi waweke “nipe” au “chukua” mahali pa neno wanalolitilia shaka. “Lend” hukaa kama “kupa”, ambacho ni kitenzi kinachokubali mtu na kitu kwa pamoja, kama tunavyosema “nipe kalamu”. “Borrow” hukaa kama “kuchukua”, kwa hiyo baada yake hutajwa kitu tu, na mwenye kitu akitajwa huja nyuma ya “from”. Ukisema “borrow me your pen” ni kama kusema “chukua mimi kalamu yako”, maneno ambayo yangemwacha mwenye kalamu akikushangaa.

Sentensi yako basi ina njia mbili za kuandikwa. Ukianza na chama, andika “The group lent the member 15,000 shillings”, na ukumbuke kwamba wakati uliopita wa “lend” ni “lent”. Ukianza na mwanachama, andika “The member borrowed 15,000 shillings from the group”. Tukio ni moja, na kwa mhasibu zote mbili zinamaanisha kwamba mwanachama ndiye mdaiwa. Mweka hazina wenu hakukosea, kwani aliisoma karatasi kama ilivyoandikwa.

Nyakwar Ahero

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi naona tunawaonea watu bure. Nyumbani nimekua nikisikia “hola pesa”, yaani “nikopeshe pesa” kwa Kijaluo, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani anayetoa na ni nani anayepokea, maana kiambishi cha nafsi kinatosha kusema. Wajerumani nao wana kitenzi kimoja, “leihen”, kinachobeba pande zote mbili, na hatujasikia kwamba benki zao zimechanganyikiwa. Hata huko Marekani, katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin ambako walihamia watu wengi kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia, wapo wenyeji wanaosema “borrow me” nyumbani kwao bila aibu. Kwa nini Mkenya asemapo vivyo hivyo ahesabiwe kuwa hakusoma?

Mwalimu Mstaafu, Lanet, Nakuru

Kijana wangu, kwenye matatu sema upendavyo, utaeleweka, kwa sababu mkono ulionyoshwa unaonyesha kalamu inaelekea wapi. Karatasi haina mkono. Katibu hapa alieleweka na wanachama wote waliokuwa wakilijua tukio, asieleweke na mtu mmoja tu ambaye hakuwapo, na huyo ndiye aliyekuwa akiandika hesabu. Hata huyo mtu wa Minnesota, akiandika mkataba wa mkopo, haandiki “borrow me”.

Msoma Kamusi, Kakamega

Niongeze upande wa Kiswahili, kwa sababu nadhani chanzo cha kosa kipo huko, tena si kwa ufukara wa lugha yetu.

Katika pesa, Kiswahili kinatenganisha pande mbili waziwazi: anayechukua anakopa, na anayetoa anakopesha, kama vile anayesoma na anayesomesha. Mzizi ni mmoja na kinyambuo ndicho kinachogeuza mwelekeo. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili hutafuta basi neno moja la Kiingereza ambalo atalinyumbua, analipata “borrow”, halafu hapati pa kupachika kile kinyambuo, kwa hiyo analiacha lilivyo na kutumaini kwamba “me” itamwokoa. Katika “kuazima” hali ni ngumu zaidi. Wapo wanaosema “kuazimisha”, lakini wengi wetu tunatumia “azima” kwa pande zote: “nimeazima jembe kwa Wafula” maana yake jembe ni la Wafula, na “nimemwazima Wafula jembe” maana yake jembe ni langu. Herufi moja tu, ile “m” ya mtendwa, ndiyo iliyohamisha jembe kutoka boma moja hadi lingine. Kiingereza hakina “m” hiyo, kwa hiyo kimelazimika kuwa na vitenzi viwili.

Lakini Kiswahili kina tofauti ambayo Kiingereza hakiijali. Kitu cha kuazima hurudi chenyewe: jembe lile lile, sufuria ile ile, hata kama imeungua kidogo. Kitu cha kukopa hutumika kikaisha, na kinachorudi ni mfano wake, kwa sababu hakuna anayetarajia kurudishiwa noti ile ile aliyoitoa. Wanasheria wa Roma walikuwa na mikataba miwili kwa jambo hilo hilo, na sheria ya Kiislamu nayo inatenganisha kuazima kitu na kutoa karadha, yaani mkopo. Mwingereza huyaunganisha yote: kitabu cha maktaba na mkopo wa nyumba vyote ni “borrow”. Kwa hiyo, ndugu Katibu, hema na viti 50 pia ni “lent”, ingawa daftari lako la Kiswahili lilifanya vyema kutumia “kumwazima” badala ya “kumkopesha”. Nakiri kwamba sukari hunisumbua. Jirani akileta kikombe na kusema “niazime sukari”, anajua na mimi najua kwamba punje zile hazitarudi.

Jambo la mwisho, ambalo si la lazima. “Borrow” linatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha dhamana au rehani. Mkopaji wa zamani alitambulikana kwa kile alichokiacha nyuma, na nadhani chama chochote kinachodai wadhamini wawili kabla ya kutoa mkopo kinaielewa asili hiyo bila kufundishwa.

Mama Mboga wa Bondeni

Mnisamehe kwa kuingilia. Hivyo viti 50, jirani alivilipia? Kwa maana hapa Nakuru chama chetu hutoza kwa kila kiti, na mwalimu wa binti yangu alimkatalia “lend” katika insha yake.

Mwalimu Mstaafu, Lanet, Nakuru

Mama, mwalimu huyo alikuwa sahihi. Kiti kikitolewa kwa malipo, kimekodishwa, na Kiingereza chake ni “hire out”. Pesa ndizo pekee ambazo hubaki “lent” hata zikitozwa riba. Ama “loan”, Katibu, ambalo najua utaliulizia, litumie kama jina la mkopo wenyewe. Waamerika hulitumia pia kama kitenzi cha kutoa, lakini sisi tuliofundishwa kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza tunaliona kuwa gumu masikioni, hasa katika maandishi rasmi.

Katibu wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru nyote. Viti vilitolewa bure, jirani alikuwa amefiwa. Leo asubuhi nimepitia kurasa zote kwa jaribio la “nipe” na “chukua”, nikakuta kosa lile lile mahali saba, kutia ndani pale nilipoandika kwamba chama kilimkopa mwenyekiti pikipiki. Mweka hazina ameirudisha ile 15,000 upande wa pesa tunazodai. Mwanachama wetu ameacha kucheka, na ameomba aongezewe muda hadi mwisho wa mwezi.