Bendera ya Marekani yenye nyota 48: utajuaje kama ni ya wakati wa vita?

Nyota48
Wakuu, kuna bendera ya Marekani ya nyota 48 inauzwa mtandaoni, muuzaji anasema ilipeperushwa Normandy, Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Urefu sm 290, upana sm 152, pamba, nyota zimeshonewa, ukanda wa upande wa mlingoti una pete mbili za shaba. Haina muhuri. Nimwulize nini kabla ya kutoa hela? Na ikifika, niitunzeje?

Mlingoti
Mkuu, nyota peke yake hazithibitishi kitu. Bendera ya nyota 48 ilitumika kuanzia 4 Julai 1912, baada ya New Mexico na Arizona kuwa majimbo, hadi 3 Julai 1959. Miaka 47 hiyo, na Marekani yenyewe haikufikisha minne ndani ya Vita Kuu ya Pili.

Vipimo ndivyo vinavyozungumza. Amri ya Rais Taft ya Juni 1912 iliweka safu 6 za nyota 8, na urefu uwe mara 1.9 ya upana. 152 × 1.9 ni karibu 289, kwa hiyo yako imefuata amri. Pembe ya buluu nayo iwe na kimo cha mistari 7 (kama sm 82) na urefu wa sm 115 hivi. Ila futi 5 kwa 9 na nusu ndicho kipimo cha bendera ya kufunika jeneza la askari, ambayo familia hubaki nayo. Nyingi zinazouzwa kama "za vitani" ni hizo. Omba picha ya ukingo ulio mbali na mlingoti: bendera iliyopepea huanza kuchanika hapo. Ukikuta mshono wa huko mzima kabisa, Normandy ni maneno ya muuzaji tu.

Usiikatae bendera kwa kuwa ni futi 3 kwa 5, lakini. Amri iliibana serikali. Viwanda viliendelea kuwashonea raia vipimo vyao.

UziMwekundu
Naongezea. Za jeshi la majini kwa kawaida ni za sufu nyepesi, na ukandani hupigwa chapa: aina, namba, pengine karakana kama Mare Island pamoja na mwezi na mwaka. Hiyo namba ni ya ukubwa, wengi huisoma kama ya kikosi. Chapa pia hughushiwa: wino wa zamani umezama kwenye nyuzi na kufifia pamoja na kitambaa, mpya unakaa juu juu.

Tochi ya kukagulia noti bandia inasaidia, gizani. Uzi wa poliesta, ambao ulianza kutumika baada ya vita, na pamba ya kisasa mara nyingi hung'aa weupe wa kibuluu. Tatizo ni kwamba bendera halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo itang'aa, maana dawa ya kung'arisha imo kwenye sabuni. Kwa hiyo kutong'aa kuna uzito kuliko kung'aa. Ukibaki na shaka, chomoa uzi mmoja wa mshono, uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Mlingoti
Kuchoma sikubaliani, hasa kwa kitu ambacho bado hujalipia. Lenzi ya mara 10 inasaidia: nyuzi za pamba zina manyoya, poliesta mara nyingi ni laini kama waya.

SandukuLaMninga
Kuhusu kutunza: usifue. Rangi nyekundu ya wakati ule huchuja, na ikishaingia kwenye mistari myeupe haitoki. Klorini ndiyo inamaliza kitambaa chenyewe. Itandaze, weka wavu juu, pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo. Kisha izungushie kwenye bomba la kadibodi la kipenyo cha sm 10 lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, na nje uvike kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi) kilichofuliwa bila wanga. Mikunjo ya miaka mingi ndiyo hukata nyuzi.

Pwani usifunge kwenye nailoni, unyevu ukinasa humo ukungu unaanza. Ikiwa ya sufu na ina nondo, hapo ndipo nailoni inafaa: ifunge hewa isiingie, friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili, halafu iache nje siku nzima kabla ya kufungua, la sivyo umande utaganda kwenye kitambaa. Na kabati la mninga tupu huchafua pamba, tandika karatasi kwanza.