Kamera ndogo ya mfukoni kwa matumizi ya kila siku hapa Tanga: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Chumbageni_255

Wakuu, habari za saa hizi. Natafuta kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni, iliyokwisha tumika. Bajeti ni laki mbili na nusu, ikizidi sana laki tatu. Kazi yake ni picha za kila siku: mitaa ya Ngamiani na baiskeli zake, samaki wakishushwa Deep Sea asubuhi, familia ufukweni Raskazone, na harusi za mtaani usiku. Simu ninayo ya kawaida tu, zumu yake haifai kitu.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Nikiwa mbele ya muuzaji nikague nini? Picha za mchana zikitoka nyuso nyeusi na anga jeupe, tatizo ni mashine au mpigaji? Na hii hewa yetu ya chumvi, kamera inatunzwaje idumu?

Fundi_Mwambao

Mkuu, anza na lenzi. Kamera hizi hufa kwa lenzi kabla ya kitu kingine chochote. Ndani kuna mirija miwili au mitatu inayoingiana, inasukumwa na mota ndogo kupitia gia za plastiki. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya mirija, mota inakwama, meno ya gia yanalika, skrini inaandika "Lens error" na kamera inajizima. Dawa yake ni kubadilisha lenzi nzima, na gharama hiyo mara nyingi inakaribia bei ya kamera yenyewe.

Kwa hiyo washa na uzime mara kumi mfululizo, sikio likiwa karibu. Unachotaka kusikia ni mvumo laini usiobadilika. Ukisikia mkwaruzo hata mara moja, irudishe kwa mwenyewe. Itazame lenzi kwa ubavu ikiwa imetoka: ikiinama upande mmoja, ilishaanguka. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho mara nne au tano, na kila kituo bonyeza kitufe nusu uone kama fokasi, yaani ukali wa picha, inashika.

Nenda na gazeti. Libandike ukutani, simama sambamba nalo umbali wa mita moja hivi, usivute zumu, piga, kisha ikuze picha kwenye skrini na usome kona zote nne. Kona zote zikififia kidogo kwa usawa, hiyo ni kawaida ya lenzi ndogo. Kona moja ikiwa haisomeki na tatu zinasomeka, kioo cha ndani kimehama. Hapo usishawishike na punguzo la bei.

Halafu toka nje, vuta zumu yote, piga anga tupu. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi lililokaa juu ya sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Zumu inavutwa kwa sababu mwisho wake tundu la lenzi huwa dogo, na tundu dogo ndilo linalotoa kivuli cha vumbi wazi. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi unaisafisha mwenyewe. Hii ndogo lazima ifunguliwe yote.

Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Fungua mlango wa betri: shaba ikiwa na ukijani, chumvi imeshafika ndani. Betri inayotoka kwa kuvutwa kwa nguvu imevimba, hesabu bei ya betri mpya. Piga flashi mara tatu. Mwisho kabisa, ziba lenzi kwa kiganja na upige picha ya giza: nukta moja mbili za rangi si neno, zikijaa skrini achana nayo.

Onyo moja kwa sisi wa pwani hasa. Kamera nyingi za miaka ya 2002 hadi 2004, za makampuni mbalimbali, zilitumia sensa za CCD (aina ya sensa ya wakati huo) kutoka Sony zilizokuwa na kasoro ya kiwandani: kwenye joto na unyevu viunganisho vya ndani vinaachia, picha zinatoka za zambarau, zina mistari, au nyeusi kabisa. Mwaka 2005 makampuni yalitoa matangazo na kuzitengeneza bure, lakini muda huo umepita zamani. Leo zinauzwa mtandaoni kwa sifa ya "rangi za kizamani". Kwa joto la Tanga usiiguse ya miaka hiyo.

Kisosora_Picha

Niongezee kuhusu matarajio, maana watu wengi hununua kisha wanalalamika. Kamera nyingi za bajeti hiyo zina sensa ya ukubwa unaoitwa inchi 1/2.3, yaani takribani milimita 6.2 kwa 4.6. Simu nzuri za siku hizi zina sensa kubwa kuliko hiyo, tena zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja. Usitegemee kamera ya 1/2.3 iishinde simu ya aina hiyo usiku bila flashi. Inakoshinda ni kwenye zumu ya kweli ya vioo, flashi ya kweli, na kushikika vizuri mkononi.

Sensa inayoitwa ya inchi moja ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo, na tofauti unaiona wazi kuanzia ISO 800 (ISO ni namba ya wepesi wa sensa kwa mwanga; ikipanda, picha inapata chembechembe). Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina sensa hiyo. Ukiikuta nzima ndani ya bajeti yako, ichukue, ila kagua vile vibati vinavyofunika lenzi: vikifunguka nusu, kuna mchanga au chumvi.

Harusi za usiku: weka ISO 400, usivute zumu, simama mita mbili au tatu. Ukivuta zumu tundu linapungua na flashi haifiki. Chagua hali ya picha ya mtu usiku, yenye alama ya mtu na nyota au mwezi. Shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, inakaa wazi muda mrefu kidogo, kama 1/15 ya sekunde, kwa hiyo taa za nyuma zinaonekana badala ya watu kusimama mbele ya ukuta wa giza. Mikono itulie, viwiko vibane mbavuni.

Bi_Sahare

Kaka Chumbageni, nijibu la nyuso nyeusi, maana hapo ndipo kamera ndogo inapowapita hata wakubwa zake na wengi hawajui.

Kwanza sababu. Tanga tuko digrii 5 kusini ya ikweta. Wiki ya kwanza ya Oktoba, na tena wiki ya kwanza ya Machi, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Miezi mingine haliko mbali na hapo. Mwanga ukitoka juu namna hiyo, macho yanaingia kwenye kivuli cha paji la uso, na kofia ndiyo inamaliza. Kamera nayo inapima wastani wa picha nzima. Mchanga na anga vikiwa vyeupe, inapunguza mwanga, na uso unaozama ni wa mtu.

Sasa dawa: washa flashi mchana. Si ile ya otomatiki, kwa sababu juani haitawaka. Chagua flashi ya lazima, alama ya radi isiyo na herufi A. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi nyingi haziwezi kupiga flashi ya kawaida zaidi ya kasi ya 1/200 au 1/250, kwa kuwa shata yao ni mapazia mawili yanayopita mbele ya sensa. Kamera ndogo nyingi shata yao iko ndani ya lenzi yenyewe, inafunguka yote kwa pamoja, kwa hiyo flashi inakwenda hata kwa 1/1000 au zaidi. Faida yake ni hii: mmweko wa flashi ni mfupi kuliko muda wa shata, hivyo ukiongeza kasi unapunguza jua peke yake, flashi inabaki na nguvu ileile. Anga linarudi buluu na uso unang'aa.

Kwa kamera yenye A au Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi): ISO 100, tundu f/4, flashi ya lazima. Kwa jua letu kamera itachagua kasi ya karibu 1/1600. Kama yako haifiki huko flashi ikiwa imewashwa, nenda f/5.6, tundu dogo zaidi. Msimamishe mtu jua likiwa nyuma yake, wewe uwe mita moja na nusu, isizidi mbili. Punguza nguvu ya flashi kwa -2/3, vinginevyo paji la uso linameremeta kwa jasho. Kamera isiyo na Av, tumia P (kamera inachagua tundu na kasi yenyewe) na mambo mengine yabaki hayohayo.

Njia ya pili haihitaji flashi kabisa: mwingize mtu barazani, hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, atazame nje. Ardhi ya nje inarudisha mwanga usoni kutoka chini na macho yanapata uhai. Mimi ningeanza na hii kila inapowezekana.

Na kile kitufe cha +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, kizoee kuliko vyote. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Kanzu nyeupe ikijaza picha, nenda +0.7 hadi +1 la sivyo inatoka chafu. Kundi la kina mama wenye mabuibui meusi, shuka -0.7, la sivyo vitambaa vinapauka na nyuso zinaungua. Samaki wa Deep Sea asubuhi, magamba yamelowa na yanarudisha jua: -0.3 hadi -0.7.

Fundi_Mwambao

Bi Sahare kamaliza. Nirudi kwenye utunzaji.

Ufukweni, usiweke kamera kwenye mfuko wa suruali uliokaa mchangani, wala kwenye kapu la baiskeli. Kapu linatikisa, na mtikiso unalegeza skrubu na kile kioo cha kutuliza picha. Ivae mwilini kwenye pochi inayofungwa zipu. Kama mchanga umerukia lenzi ikiwa imetoka, usizime kamera! Ukizima, mirija inarudi ndani na kuuvuta mchanga. Subiri taa ya kuandika kadi izimike, toa betri lenzi ikiwa bado nje, geuza lenzi itazame chini, pulizia kwa kipulizio cha mpira kuzunguka kila ungio, kisha pitisha brashi laini mpya ya rangi. Usipulize kwa mdomo, mate yanageuza mchanga kuwa tope. Rudisha betri baada ya hapo.

Ukifika nyumbani, futa mwili wote kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi ya bomba na kukamuliwa, milango ikiwa imefungwa. Kitambaa kikavu hakitoshi, kwa sababu chumvi inabaki na chumvi huvuta unyevu usiku kucha. Kisha kausha.

Isikae kwenye kava la ngozi au la kitambaa kabatini. Kuvu hupenda giza, joto na unyevu unaopita asilimia 70, na masika yetu yanatoa vyote. Tafuta kopo la plastiki la lita tatu lenye kifuniko cha kubana, weka gramu 50 za silika, zile punje za kunyonya unyevu, ya rangi ya machungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, zinarudi kazini. Unyevu wa ndani ukikaa asilimia 40 hadi 50 umefaulu. Mchele siushauri, una unga unaoingia kwenye viungio.

Ukitoka kwenye basi au ofisi yenye kiyoyozi, kamera iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ikae nje dakika 20 hadi 30 kabla hujaufungua. Umande utajikusanya juu ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Kisosora_Picha

Ukienda mapango ya Amboni zima flashi. Hewa ya mle ina vumbi na unyevu, na flashi ya kamera ndogo iko karibu mno na lenzi, kila chembe inageuka duara jeupe kwenye picha. Laza kamera juu ya jiwe, ISO 200, taima ya sekunde 2 (kamera isubiri kabla ya kupiga), shata sekunde 2 hadi 8, mwenzako apitishe tochi kwenye kuta za chokaa polepole bila kusimama. Popo pia wanabaki na amani yao.

Bandari, kambi za jeshi na vituo vya polisi usipige. Deep Sea omba ruhusa kwanza kwa mwenye samaki. Kamera ikining'inia mkononi wazi watu wanakuelewa haraka kuliko ikichomolewa ghafla mfukoni.

Chumbageni_255

Shukrani sana wakuu, na wewe Bi Sahare. Nimeletewa mbili: moja Nikon Coolpix ya mfululizo wa L inayotumia betri mbili za AA, nyingine ina betri yake maalumu lakini chaja haipo. Na muuzaji anatoa kadi ya GB 128 bure. Nichukue ipi?

Fundi_Mwambao

Zikifaulu vipimo sawa, chukua ya AA. Ila usitie betri za kawaida za dukani: flashi inadai umeme mwingi kwa mpigo, volti zinashuka, na kamera inakwambia betri imeisha wakati redio bado ingeimba nayo. Tafuta za kuchaji za aina ya NiMH, zenye ujazo wa kama mAh 2000, pea mbili. Ziandike namba, kila pea ichajiwe na kutumika pamoja. Kisha ingia menyu ya mipangilio, sehemu ya aina ya betri, uiambie kamera umeweka NiMH, vinginevyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Kadi ya GB 128 usiiamini. Kuanzia GB 64 ni SDXC, aina ya kadi kubwa, kamera nyingi za kabla ya 2010 haziisomi, na za kabla ya 2006 nyingi zinaishia GB 2. Tena kadi za kugawa bure nyingi ni feki: zinaandika 128, ndani ni 8, picha zinazozidi hapo zinapotea bila onyo. Iweke kwenye kompyuta ya Windows, ijaze kwa programu ya H2testw uone ukweli wake. Wewe nunua SDHC, aina ya kabla yake, ya GB 16. Picha ya megapikseli 16 ni kama MB 5, kwa hiyo inabeba karibu 3,000. Ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, na usichomoe kadi taa ikiwa inawaka.